Nishati ya giza: kilichopimwa na kinachokisiwa

Karibu asilimia 68 ya vyote vilivyomo ulimwenguni ni nishati ya giza. Sentensi hiyo imeenea kila mahali, na kila ninapoifikisha darasani hapa Goma kuna mkono unaonyanyuka kutoka viti vya nyuma: "Mwalimu, nani aliipima, na kwa mizani gani?" Ni swali la haki. Hakuna aliyeigusa nishati hiyo, hakuna aliyeiona kwa darubini, hakuna maabara iliyowahi kuinasa. Na bado wanaastronomia huitaja namba yake bila kubabaika.

Fundo hili hufunguka mtu akitenganisha mambo mawili yanayobebwa na jina moja. Kuna kilichopimwa: galaksi za mbali zinaachana, na mwachano huo unazidi kushika kasi. Hilo limepimwa kwa njia kadhaa zisizotegemeana, nalo limesimama. Kisha kuna kinachokisiwa: ni kitu gani kinachousukuma mwachano huo. Hapo ndipo nadharia zinapogombana, na hapo ndipo magazeti hupenda kukimbilia. Mimi nitaanza na vipimo, maana asiyejua kilichopimwa hana namna ya kujua nadharia ipi inastahili kusikilizwa.

Mtu wa Goma ana faida katika somo hili. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka kutoka volkano ya Nyiragongo, na siku zilizofuata magma nyingine, yaani miamba iliyoyeyuka, ikapenya chini ya mji ikielekea chini ya ziwa, hadi mitaa mingi ikaamriwa ihame. Magma hiyo ya chini hakuna aliyeiona kwa macho. Ilijulikana kwa mitetemeko iliyofuatana mchana na usiku, kwa nyufa zilizofunguka barabarani, kwa vipimo vya GPS na picha za satelaiti zilizoonyesha ardhi imesogea. Vifaa vinavyofanya kazi kwa kanuni tofauti vilikuwa vinaelekeza kidole mahali pamoja, na hilo lilitosha kusema kwamba kitu kipo. Kilikuwa kiasi gani, kilipitia njia ipi na kwa nini kilisimama, hayo yalibaki mjadala wa wataalamu. Nishati ya giza imekaa hivyo hivyo.

Jambo moja liwekwe sawa mapema: maada ya giza ni kitu kingine. Hiyo hujikusanya kuzunguka galaksi na huvuta kama maada nyingine yoyote, nayo ni kama asilimia 27 ya ulimwengu. Nishati ya giza haijikusanyi popote. Imetandaa sawasawa kila mahali, na athari yake ni kusukuma. Nyota zote, sayari, mawe ya Virunga na damu yetu sisi tunagawana asilimia 5 iliyobaki.

Umbali, tatizo la siku zote

Nukta hafifu angani yaweza kuwa taa ndogo iliyo karibu au kubwa iliyo mbali sana. Bila kujua ukali halisi wa taa, huwezi kujua umbali wake. Henrietta Leavitt wa Harvard alitoa ufunguo wa kwanza mwaka 1912: kuna nyota zinazopwita, ziitwazo sefeidi, ambazo muda wa kupwita kwake unafichua ukali wao halisi. Wakati huohuo Vesto Slipher alikuwa akiona kwamba mwanga wa galaksi nyingi umehamia upande wa rangi nyekundu, ishara kwamba zinatukimbia.

Padri Mbelgiji Georges Lemaître, wa Louvain, alizichukua hesabu za Einstein mwaka 1927 akaonyesha kwamba ulimwengu mzima unatanuka. Aliandika kwa Kifaransa katika jarida la Brussels ambalo wachache walilisoma. Miaka 2 baadaye Edwin Hubble, kutoka Mount Wilson huko California, akachapisha vipimo vyake, na jina la Hubble likaibeba sheria hiyo peke yake hadi 2018, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipopendekeza iitwe sheria ya Hubble na Lemaître. Kwa sisi tuliosoma sayansi kwa Kifaransa, hilo lina utamu wake.

Sasa, graviti, yaani nguvu ya uvutano, huvuta. Ulimwengu uliojaa maada unapaswa kutanuka huku ukipunguza mwendo. Hivyo miaka ya 1990 timu mbili zilitoka kupima jambo lililoonekana la kawaida kabisa: breki inakaza kiasi gani?

Taa waliyotumia ni supanova za aina ya Ia, na hapa sitaharakisha, kwa sababu mzigo mkubwa umewekwa juu yake. Nyota ya kiasi cha Jua letu ikimaliza kuni zake hubaki kibete cheupe: kitu cha ukubwa wa Dunia, kizito kama Jua, kilichojaa kaboni na oksijeni. Kikinyonya gesi ya nyota jirani, au kikigongana na kibete kingine, chaweza kufika karibu na kikomo cha uzito wa Jua mara 1.4 na kulipuka chote kwa mpigo. Kwa wiki kadhaa mlipuko huo hung'aa kama mabilioni ya majua. Mng'ao wake hautoki kwenye moto wa mlipuko wenyewe. Unatoka kwenye nikeli ya mionzi iliyotengenezwa ndani yake, ambayo nusu yake hugeuka kobalti kila siku 6, na kobalti hiyo nayo nusu yake hugeuka chuma kila siku 77. Ndiyo, kobalti, ingawa hii yenye uzito wa atomu 56 huisha upesi na haipatikani katika mgodi wowote wa kobalti kule Kolwezi, kusini mwa Kongo; ya Kolwezi ni 59, iliyotulia.

Milipuko hii haifanani kabisa. Mwaka 1993 Mark Phillips alionyesha kwamba ile inayong'aa zaidi hufifia polepole, na ile hafifu hufifia haraka. Ukifuatilia jinsi mwanga unavyoshuka unaweza kusahihisha ukali wake, na umbali ukapatikana kwa makosa ya asilimia chache tu. Kuzinasa ni suala la subira: unapiga picha kipande cha anga, unarudi baada ya wiki kadhaa kupiga kilekile, unatoa picha ya kwanza katika ya pili. Kinachobaki ni kigeni.

Timu moja iliongozwa na Saul Perlmutter wa Berkeley, nyingine na Brian Schmidt, huku Adam Riess akiongoza uchambuzi wake. Mwaka 1998 zote mbili zilifika kwenye jibu ambalo hakuna aliyelitafuta. Supanova za mbali zilikuwa hafifu kupita kiasi. Kwa timu ya Riess, umbali wake ulizidi kwa asilimia 10 hadi 15 ule uliotarajiwa hata katika ulimwengu wenye maada kidogo tu. Breki hazikuwepo, kulikuwa na mguu kwenye mafuta. Watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2011.

Pingamizi la kwanza lilikuwa la busara: huenda ni vumbi. Vumbi kati ya galaksi lingefifisha mwanga na kutudanganya kwamba taa iko mbali. Lakini vumbi lingezidi kufifisha kadiri unavyokwenda mbali zaidi. Kuanzia 2001, darubini ya angani ya Hubble ilipofikia supanova za kale zaidi, hali iligeuka: zilikuwa angavu kuliko vumbi lingeruhusu. Maana yake, zamani sana ulimwengu ulikuwa kweli ukipunguza mwendo, kisha miaka bilioni 5 au 6 iliyopita ukaanza kuongeza. Vumbi haliwezi kuigiza hadithi yenye kona kama hiyo.

Mashahidi wengine

Kama ushahidi ungekuwa supanova peke yake, ningekuwa na mashaka hadi leo. Kilichoniridhisha ni mwanga wa kale uliogunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson, wakautangaza mwaka 1965. Ulimwengu ulipokuwa na miaka kama 380,000 ulipoa kiasi cha mwanga kuanza kusafiri huru, na mwanga huo bado unatufikia kutoka kila upande ukiwa na joto la nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri kamili. Una madoa ya joto na baridi yanayotofautiana kwa kiasi cha sehemu 1 katika 100,000. Madoa hayo ni alama za mawimbi ya sauti yaliyopita katika gesi moto ya wakati ule, na ukubwa wake halisi unaweza kupigiwa hesabu. Ukilinganisha ukubwa huo na pembe tunayouona angani, kama digrii 1, unapata umbo la ulimwengu: ni bapa, mistari sambamba inabaki sambamba.

Ubapa huo una bei yake. Kwa hesabu za Einstein, ulimwengu bapa lazima uwe na msongamano maalumu wa maada na nishati. Maada yote tunayoweza kuhesabu, ya kawaida na ya giza pamoja, inafika asilimia 30 na kidogo. Pengo la karibu asilimia 70 linajitokeza lenyewe, bila supanova hata moja kutajwa. Satelaiti WMAP, iliyorushwa 2001, na Planck, iliyorushwa 2009, ziliikaza namba hiyo. Kwa hiyo yule mwanafunzi wa nyuma jibu lake ni hili: "mizani" ni pengo kati ya umbo la ulimwengu na maada iliyomo.

Mawimbi yale ya sauti yaliacha alama nyingine. Gesi ilipopoa yalisimama pale yalipofika, na galaksi zikazaliwa kwa wingi kidogo zaidi mahali hapo. Ndiyo maana leo, ukichukua jozi nyingi za galaksi na kupima umbali kati yake, unakuta ziada ndogo kwenye umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 500. Ziada hiyo ilionekana mwaka 2005 katika ramani mbili kubwa za galaksi. Ni rula iliyowekwa angani tangu utotoni mwa ulimwengu. Ukiisoma katika enzi mbalimbali unaona jinsi mtanuko ulivyokwenda. Haihitaji nyota ilipuke, haijali vumbi. Mimi naiona kuwa njia safi kuliko zote.

Njia ya nne inatazama jinsi maada ilivyokusanyika. Graviti hupinda mwanga wa galaksi za nyuma, na maumbo yake huonekana yamevutwa kidogo sana. Mradi mmoja uliofanya kazi Cerro Tololo nchini Chile kuanzia 2013 hadi 2019, kwa kamera ya pikseli milioni 570, ulipima mamilioni ya maumbo hayo. Kama kitu kinasukuma, makundi makubwa ya galaksi yatapata shida kukua, na ndivyo inavyoonekana.

Ni kidogo kiasi gani?

Watu husikia asilimia 68 wakafikiri ni nguvu ya kutisha. Tupige hesabu. Msongamano wa nishati ya giza ni karibu juli 0.5 katika kila kilomita ya ujazo. Ziwa Kivu lina zaidi kidogo ya kilomita za ujazo 500. Nafasi yote inayojazwa na ziwa letu, kuanzia Goma hadi Bukavu, kutoka juu hadi chini kabisa, ina nishati ya giza ya juli 280 hivi: kazi anayofanya mama mmoja kuinua bidoni ya lita 20 kutoka ardhini hadi kichwani, mara moja. Hakuna atakayejenga kiwanda cha umeme kwa hiyo. Na ndiyo maana hakuna maabara iliyoipata.

Ushindi wake unatokana na mambo mawili. Sehemu kubwa ya ulimwengu ni utupu, kwa hiyo kidogo-kidogo ya kila mahali inapita wingi wa mahali pachache. Tena, ulimwengu ukitanuka maradufu, maada ileile inatawanyika katika ujazo mara 8, lakini nishati ya giza katika kila kilomita ya ujazo inabaki ileile, au karibu. Mwenzake anakonda, yeye hakondi. Hakuna haja ya kushangaa kwamba hatimaye alitawala.

Hapo huja swali lingine ninalolipenda: je, basi hata ng'ambo mbili za ziwa, ya Kongo na ya Rwanda, zinaachana kwa sababu hiyo? Zinaachana kweli, milimita chache kwa mwaka, ila hiyo ni kazi ya Bonde la Ufa na ya miamba iliyo chini yetu. Katika umbali mdogo nguvu nyingine zinashinda kabisa. Hata Andromeda, galaksi ambayo kutoka hapa karibu na ikweta unaweza kuiona kwa macho umeme ukikatika na mawingu yakikubali, inatujia kwa karibu kilomita 110 kwa sekunde. Galaksi zetu zimefungwa pamoja na graviti. Msukumo huanza kutawala kwenye umbali mkubwa zaidi ya huo.

Akili ni nywele

Wananadharia wamegawanyika katika kambi tatu kubwa, na kila kambi ina matawi yasiyohesabika.

Ya kwanza ni kongwe. Mwaka 1917 Einstein aliongeza katika milinganyo yake herufi moja ya Kigiriki, lamda, ili ulimwengu wake usimame tuli. Ulipothibitika kutanuka, aliiondoa. Baada ya 1998 ilirudi kwa mlango wa mbele. Lamda ni msongamano usiobadilika, mahali popote na wakati wowote, na inavipatia vipimo karibu vyote kwa namba moja tu. Kwa mwanafizikia hiyo ni sifa kubwa.

Taabu ni kuieleza inatoka wapi. Fizikia ya kwantumu inasema ombwe halijawahi kuwa tupu. Kila uga (kitu kilichotandaa kote angani, chenye thamani yake kila mahali), hata ule wa elektroni, una mtikisiko wake wa chini kabisa, na mtikisiko huo una nishati. Mtu angedhani ndiyo yenyewe. Ukijumlisha kwa njia ya kawaida, hata hivyo, unapata jibu linalozidi kipimo kwa 1 ikifuatwa na sifuri 120. Kuna njia za kujumlisha zinazopunguza sifuri hizo hadi 60 hivi, na sijui kama hilo ni la kufariji. Steven Weinberg alipendekeza mwaka 1987 kwamba huenda zipo sehemu nyingi za ulimwengu, kila moja na lamda yake, na sisi tunaweza kuwepo tu pale ambapo ni ndogo kiasi cha galaksi kuweza kuumbika. Sipendi jibu hilo, linanukia kukata tamaa. Lakini alilitoa miaka 11 kabla ya ugunduzi, na likabashiri kwamba lamda haitakuwa sifuri. Heshima yake tumpe.

Kambi ya pili inasema kitu hiki hakijawahi kuwa thabiti. Ni uga uliotandaa kote, unaoteremka polepole kwenye mteremko wa nishati yake, na kwa hiyo nguvu yake inabadilika na wakati. Bharat Ratra na Jim Peebles, na kando yao Christof Wetterich, waliandika hesabu hizo mwaka 1988, miaka 10 kabla ya haja yake kujulikana. Jina lililoshika ni kwintesensi. Udhaifu wake ni wepesi wake: unaweza kuchora mteremko wa namna yoyote utakayo, na nadharia inayokubali kila jibu haijajibu.

Kambi ya tatu haitaki kitu kipya kabisa. Inasema graviti yenyewe hubadili tabia kwenye umbali mkubwa, na sisi tunasoma mabadiliko hayo vibaya. Kambi hii ilipata pigo la siku moja. Tarehe 17 Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni (mabaki madogo, mazito mno, ya nyota zilizolipuka) ziligongana miaka ya nuru kama milioni 130 kutoka hapa; mawimbi ya graviti yalitufikia, na mwale wa gama ukafuata sekunde 1.7 baadaye. Mbio za miaka milioni 130, na tofauti ni chini ya sekunde 2. Nadharia nyingi za kambi hii zilitaka mawimbi ya graviti yaende kwa kasi tofauti na mwanga. Zilifutwa kwa pigo hilo. Baadhi zimebaki, lakini uwanja wao umebana sana.

Mahali wapimaji na wakisiaji wanapokutana

Ingekuwa taabu kupima kila nadharia peke yake, kwa hiyo pande zote mbili zimekubaliana kuzungumza kupitia namba moja, w: uwiano kati ya shinikizo la kitu na msongamano wa nishati yake. Kwa Einstein, shinikizo nalo huvuta. Maada tulivu ina w ya sifuri. Chochote chenye w iliyo chini ya hasi theluthi moja husukuma badala ya kuvuta. Lamda ni -1 kamili, milele. Kwintesensi hukaa juu kidogo ya -1 na hubadilika. Ikishuka chini ya -1, msongamano unaongezeka kadiri ulimwengu unavyotanuka, jambo ambalo uga wa kawaida hauwezi kufanya.

Kwa zaidi ya miaka 20 kila kipimo kilitua karibu na -1, na wengi wetu tulianza kuchoka. Kisha ikaja DESI. Ni kifaa kilichofungwa kwenye darubini ya mita 4 huko Kitt Peak, Arizona, chenye roboti 5,000 ndogo. Kila moja hupeleka uzi wa kioo kwenye galaksi yake, mwanga ukapimwa, na baada ya dakika chache zote hugeukia galaksi nyingine. Matokeo ya mwaka wake wa kwanza yalitoka Aprili 2024, na ya miaka 3, yenye galaksi na kwaza (viini ving'aavu sana vya galaksi za mbali) zaidi ya milioni 14, yalitoka Machi 2025. Rula ile ya sauti ilipochanganywa na mwanga wa kale na supanova, data ilipendelea nishati ya giza inayobadilika: iliyokuwa na nguvu zaidi zamani na inayodhoofika sasa.

Inapendelea kwa uzito gani? Kati ya sigma 2.8 na 4.2 (sigma hupima jinsi matokeo yalivyo mbali na bahati nasibu), kutegemea ni mkusanyiko upi wa supanova uliotumika. Fizikia huita ugunduzi kuanzia 5. Ukweli kwamba jibu linayumba kulingana na mkusanyiko ndio unaonifanya nisubiri: supanova za karibu zilipimwa kwa darubini tofauti na za mbali, na kosa dogo la kuoanisha laweza kuzaa mtelezo unaofanana na huu. Zaidi ya hayo, ukiifuata data kama ilivyo, w ya zamani ilikuwa chini ya -1 kisha ikavuka kwenda juu, na kwintesensi ya kawaida haina njia ya kuvuka hapo. Kwa hiyo hata aliyekuwa akishangilia kifo cha lamda hana mrithi aliye tayari. Binafsi sioni sababu ya kuizika bado, ingawa miaka 10 iliyopita nisingeliandika neno "bado" hapo.

Mgogoro mwingine unaochanganywa na huu ni wa kasi ya mtanuko wa leo: mwanga wa kale unatoa karibu 67, sefeidi na supanova zinatoa karibu 73, kwa kilomita kwa sekunde katika kila megaparseki (miaka ya nuru milioni 3.26). Yaweza kuwa jambo moja, yaweza yasiwe. Nishati ya giza inayodhoofika, kama inavyopendekezwa na DESI, haiuponyi mgogoro huo.

Vifaa vya kuamua vimeshaanza kazi. Euclid ya Ulaya ilirushwa tarehe 1 Julai 2023 na iko kilomita milioni 1.5 kutoka Dunia, ikipima maumbo ya galaksi zaidi ya bilioni moja. Darubini ya Vera Rubin huko Chile, yenye kamera ya pikseli milioni 3,200, ilionyesha picha zake za kwanza Juni 2025 na itaipiga picha anga ya kusini tena na tena kwa miaka 10. Karibu na kwetu, antena 64 za MeerKAT katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini, zinaingizwa katika mradi wa darubini kubwa ya redio uitwao SKA, utakaofikisha antena 197 na kuisoma rula ileile kupitia mawimbi ya redio ya haidrojeni. Zambia, jirani wa Katanga, ni mshirika wa mradi huo. Kongo haimo kwenye orodha.

Lakini data imo mikononi mwa kila mtu. Mkusanyiko uitwao Pantheon+, uliotolewa 2022, una supanova 1,550, na faili lake la namba linashuka bure hata kwa mtandao wa simu. Ninachowaagiza wanafunzi ni hiki: wachukue safu mbili tu, mhamo mwekundu (kiasi mwanga ulivyohamia upande wa nyekundu) na magnitudi iliyosahihishwa (kipimo cha mng'ao, ambapo namba kubwa ni mwanga hafifu), waziweke kwenye programu yoyote ya majedwali. Kisha wachore mstari wa ulimwengu wenye maada peke yake, ambao umbali wake una kanuni fupi isiyohitaji kompyuta kubwa, na mstari wa ulimwengu wenye maada asilimia 30 na lamda asilimia 70, ambao unahitaji kujumlisha vipande. Waifungie mistari yote miwili kwenye supanova za karibu. Kwenye mhamo wa 0.5 mistari itakuwa imeachana kwa magnitudi 0.4, yaani mwanga pungufu kwa karibu asilimia 30, wakati mtawanyiko wa supanova moja moja ni kama magnitudi 0.15. Supanova moja haithibitishi kitu. Wakishaweka mia moja za mwanzo, hawanihitaji tena kuwaambia mstari upi ni upi.